Harufu ya Mayai Kivukoni

Mtopanga,
Jumatano, 23 Oktoba 2024

Mama Asmaa,

Nilitaka nisikusalimu. Lakini mamangu hakunilea hivyo, basi hujambo? Watoto hawajambo? Haya, salamu zimekwisha, sasa tuzungumze.

Tangu Jumamosi nakupigia simu mpaka kidole kimeota sugu, na anayenijibu ni yule mwanamke wa mtandao. Nikachukua simu ya Mwarandu mume wangu, ukaipokea, uliposikia ni mimi ukakata. Halafu jana Gedion wa tuktuk akanirudishia trei kumi na tano nilizokuletea Jumamosi, zimefungwa kamba vile vile nilivyozifunga mimi. Nikamuuliza, "Mama Asmaa amesemaje?" Akasema, "Amesema rudisha." Basi! Ndiyo maana naandika. Karatasi haikatwi kama simu, na Gedion nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka akuone umeifungua.

Miaka kumi na minne nakuletea mayai Likoni. Tangu ukiuza mahamri kwenye kimeza cha mbao pale sokoni mpaka leo unapikia watu harusi, nambie ni siku gani nimekuletea yai viza. Trei zilipofika nilijaza beseni maji nikayatia moja moja, yote mia nne na hamsini, Mweri binti yangu akihesabu. Yote yalilala chini. Hakuna hata moja lililosimama, seuze kuelea! La mwisho nililikaanga nikalila mbele ya majirani.

Kama ni yale ya Jumamosi kwenye feri, hayo madogo. Maji yalikuwa yamekupwa, ule mwinuko wa kutokea upande wenu ukawa mkali kweli, na pikapu ikachoka kidogo. Watu wakasukuma, tukapita. Gari lina siku zake mbaya, hata mimi ninazo.

Harusi ya Asmaa ni Ijumaa ya tarehe nane. Trei thelathini na sita za mkate wa mayai uliniagiza kwa kinywa chako tangu mwezi wa nane, na wafugaji wangu nimewakataza wasimuuzie mtu mwingine. Nimekukosea nini?

Mimi mwenye hasira,
Selpher, Mama Mweri


Likoni,
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Mpenzi Mama Mweri,

Nakusalimu wewe, na Baba Mweri, na watoto wote. Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi, roho ndizo zina kazi.

Umenilazimisha kuliandika jambo nililotaka lipite kimya. Jumamosi ile, ndani ya feri, nyuma ya pikapu yako alikuwa amesimama mamake Anwar. Ndiye huyo huyo, mama wa bwana harusi. Gari lilipokwama kwenye mwinuko nawe ukawa unakanyaga mafuta, ikamjia harufu ya mayai viza mpaka akajifunika pua kwa buibui. Watu wakapiga kelele, naye pamoja nao, "Mama mayai, umetuletea nini leo?" Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kivukoni. Hata kuketi hakuketi. Akaniuliza, "Hayo ndiyo mayai ya mkate wa harusi ya mwanangu?" Wallahi, Selpher, nilitamani ardhi inimeze. Trei zako zilipoletwa nyuma yake hakutaka hata zifunguliwe.

Mayai yako nayajua mimi. Lakini habari imeshazunguka Likoni nzima, na mimi sina pa kusimama. Asmaa hana baba. Wa kumwozesha ni ami yake, shemeji yangu Luqman, na hakuna mwanamume mwingine wa ukoo wao aliyebaki. Unajua nilivyombembeleza mpaka akakubali kuwa walii. Si mtu mbaya, ila heshima yake ukiigusa, humwoni tena. Nataka Ijumaa ile ifike pasiwe na kelele ya aina yoyote, ya mayai wala ya kitu kingine.

Felix wa Mtongwe ndiye atakayeniletea. Nisamehe. Simu nimekufungia kwa sababu nikiisikia sauti yako nitalia, kisha nitakubali.

Wako,
Waridi


Mtopanga,
Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Mama Asmaa! Mama Asmaa!

Keti chini kwanza. Umeketi? Si mayai!

Barua yako ilinikalia kifuani kama jiwe. Jumamosi nikaiosha pikapu kwa Omo, nikaisugua kwa ndimu, nikaianika milango wazi kutwa nzima. Jumapili baada ya kanisa nikaingia peke yangu, hakuna yai, hakuna trei, hakuna hata ganda. Nikaenda hadi Kisauni na kurudi. Nilipofika penye kilima gari likaanza kuvuta miguu, nami nikakanyaga mafuta, na ile harufu hiyo hapo! Mayai viza matupu! Nilipiga kelele za furaha ndani ya gari mpaka mwenye bodaboda akasimama kunitazama. Umewahi kusikia mtu anafurahia uvundo?

Leo nimeshinda kwa Tsofa, fundi wetu wa hapa Mtopanga. Alilala chini ya gari na siku nzima hakutoka. Jua lilipotua akaniita, "Mama Mweri, inama uone." Nikainama na kanga yangu. Katikati ya bomba la moshi kuna kama kibuyu cha chuma, na kile kibuyu kilikuwa chekundu, kinawaka kama jiko la makaa! Akaniambia ndani yake mna masega, matundu madogo madogo mfano wa mzinga wa nyuki, kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka. Plagi za gari zimechakaa, petroli haiungui yote, inakwenda kuunguzwa mle. Masega yameyeyuka yakaziba. Moshi hauna pa kupita, ndiyo maana gari halipandi. Na masega yakiharibika hivyo, harufu yake ni ipi? Nilimwambia mimi kabla hajamaliza.

Kisha akalegeza bolti mbele ya kile kibuyu, moshi ukapata njia, akaniambia kanyaga. Mama Asmaa, gari lilinguruma kuku wa jirani wakapanda ukutani! Nguvu zote zilikuwamo, zimezibwa pumzi tu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Gari halikuchoka siku ile tu. Linachoka tangu mwezi wa saba, na nimenyamaza. Nililinunua kwa shemeji yako Luqman, na wewe ndiye uliyetukalisha pamoja sebuleni kwako tukapeana mikono. Ningeanza kusema gari bovu, ningekuwa nasema ami yake Asmaa ameniuzia kitu kibovu, tena mwaka anaomwozesha mwanao. Nikaona bora niendeshe polepole. Simlaumu hata leo, gari ni kuukuu na macho ninayo. Lakini Tsofa anasema masega hayo yameanza kuungua zamani, kabla yangu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Shemeji alipokuwa nalo, lilikuwa linanuka? Wewe ulipanda mara nyingi. Ukikumbuka, liseme hilo moja kwa mamake Anwar, naye atakusikia. Mimi akinisikia atasema najitetea. Maduka kumi na moja ya Likoni yamekataa mayai yangu wiki iliyopita. Ijumaa asubuhi hapo kivukoni mwanamke alimvuta mtoto wake asisimame karibu nami. Sina kazi nyingine, Mama Asmaa. Jina hilo la Mama Mayai ndilo duka langu.

Nijibu upesi.

Selpher


Mtopanga,
Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Mama Asmaa,

Gedion anasema barua alikupa mkononi Jumanne, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaitia kifuani. Leo Alhamisi. Kimya.

Basi nimepata dawa yangu mwenyewe. Jumapili watu wa Anwar wanakuletea mabegi ya nguo na zawadi za bibi harusi, wanawake wote watakuwa uani kwako na mamake mbele. Tsofa nimemwambia asiguse kitu. Nitavuka saa kumi alasiri, maji yatakuwa yamejaa na mwinuko umelala. Nakuja na gari tupu, bila yai hata moja. Nitaegesha mlangoni kwako, nitaacha injini inaunguruma, na kila mwenye pua atanusa. Yeyote anayetaka, apande apekue.

Nimekuwa nikicheka peke yangu tangu asubuhi nikifikiria uso wa mamake Anwar. Mwarandu ananiuliza nina nini. Usiogope, nitavaa lile gauni la kijani ulilonishonea.

Selpher


Likoni,
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Selpher,

Usije.

Nakuomba kwa yote tuliyopitia, usije Jumapili. Luqman atakuwapo, atakuwa barazani na wanaume. Gari atalitambua kabla halijasimama. Ataona nimemwita mbele za wakwe nimvue nguo, ataondoka, na Ijumaa mwanangu hatakuwa na wa kumwozesha. Mahamri ya miaka yote ile nimepika nikingoja siku hiyo moja.

Umeniuliza swali, na sitalijibu. Usiniulize tena.

Waridi


Mtopanga,
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mama Asmaa,

Nimekuelewa. Kama lisingekuwa linanuka ungeniandikia "halikuwa linanuka", maneno mawili. Hukuandika.

Nilikasirika jana, sitakudanganya. Nilikaa ndani ya gari mlangoni kwangu funguo mkononi, nikajiambia nakwenda, na liwe liwalo, na mimi pia nina mtoto wa kulisha. Halafu nikamfikiria Asmaa. Nilimwogesha akiwa na siku sita, zamani kabla ya mambo ya mayai, wewe ukiwa na homa. Nikatoka garini.

Leo asubuhi nimempelekea Tsofa. Alitaka kukipasua kile kibuyu, amwage masega, akichomelee kikiwa kitupu, kama wanavyofanyiwa wengi. Nikakataa. Moshi niliowatia watu wa feri unatosha. Amepata kizima Changamwe, kimetolewa kwenye pikapu ya aina hii hii iliyogongwa ubavuni, na plagi ametia mpya zote. Na uone sasa! Nimelipandisha kilima cha Kisauni na magunia ya chakula cha kuku nyuma, likapanda linaimba. Nilitoa kichwa dirishani nikavuta pumzi. Hakuna kitu! Hewa tupu! Nilipiga honi mpaka Mweri akaona haya.

Lakini unaelewa maana yake. Gari halinuki tena, kwa hivyo hata nikitaka kumwonyesha mtu, sina cha kumwonyesha. Nimeufuta ushahidi wangu kwa mkono wangu, na nimefanya hivyo makusudi, ili wewe ulale. Jumapili sitakuja, wala Ijumaa. Nitatafuta wateja upande wa Changamwe, watu wa huko hawapandi feri.

Mpe Asmaa busu la shavuni.

Selpher


Likoni,
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mpenzi wangu Selpher,

Naandika karatasi ikiwa juu ya goti, kwa furaha na kwa mengine, ukiona herufi zinapanda na kushuka, nivumilie.

Barua yako Gedion aliniletea jana saa nne, nyumba imejaa watu, masufuria yako motoni. Niliisoma chooni, ndipo mahali pekee palipokuwa na nafasi. Nikatoka nikanawa uso nikaendelea kupika.

Baada ya alasiri wakaja. Mabegi sita, vigelegele mpaka barabarani, udi nyumba nzima. Nikaandaa mkate wa mayai niliopika kwa mayai ya Felix. Mamake Anwar akaonja kipande, akasema mbele ya wote, "Huu ndio mkate. Si ule ambao ungetoka kwa yule mama wa Mtopanga na mayai yake viza." Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nikalitua.

Nikasema, "Yule mama wa Mtopanga anaitwa Selpher. Babake Asmaa alipofariki, huyo ndiye aliyesimama jikoni kwangu siku tatu, hakulala. Mayai yake hayana kasoro. Lililonuka ni gari, na lilikuwa linanuka kabla hajalinunua."

Nikaona nimeshaanza, basi nimalize. Nikawaambia mwaka juzi gari lile lilibeba saruji, hakuna yai lililowahi kupakiwa mle, na lilinuka vile vile. Mimi na Asmaa tulipanda nalo kwenda Ngombeni tukaziba pua njia nzima, tukimtania ami yake kwamba amemeza kuku mzima mzima. Nilicheka siku hiyo. Na wewe uliponiuliza, Selpher, nilikumbuka pale pale, hata barua sikuimaliza. Wiki nzima nilikuwa najua, nikakuacha ukitukanwa kivukoni. Nikalisema hilo pia, mbele yao.

Dirisha la barazani lilikuwa wazi. Luqman akaja mlangoni. Akasema polepole, na ninaogopa zaidi akisema polepole, "Shemeji, maneno haya ungeniambia faragha."

Nikamjibu, "Ningekwambia faragha, Selpher angesafishwa faragha. Yeye alichafuliwa mbele za watu."

Akanitazama. Akachukua kofia yake juu ya kiti, akavaa viatu, akaondoka. Kahawa yake ilibaki pale.

Asmaa alikuwa chumbani anasikia kila kitu. Nilifikiri atanilaumu. Alitoka na hina mikononi haijakauka, akanikumbatia hivyo hivyo, gauni langu limeharibika na sijali.

Mamake Anwar alitua kipande chake cha mkate sahanini. Halafu akauliza, "Na hilo gari liko wapi nikalinuse?" Nikamwambia halinuki tena, limetengenezwa, na sababu ya kutengenezwa kabla ya leo imo ndani ya barua. Hakuwa na miwani. Asmaa akaishika kwa ncha za vidole akamsomea, kwa sauti, mbele ya wanawake wote, mpaka pale pa kutoka garini. Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele, sijui ni nani, na wengine wakafuata! Selpher, walikupigia wewe vigelegele uani kwangu, na wewe uko Mtopanga unalisha kuku.

Mamake Anwar akasimama. Akasema, "Kivukoni nilipiga kelele mimi. Kelele ya kuirudisha nitaipiga mimi." Na leo asubuhi, wallahi, Gedion amemwona sokoni anaingia duka moja baada ya jingine, buibui linapepea, anasema na wenye maduka. Kuna mmoja amemwambia hataki mayai, akaambiwa atayataka.

Usiku wa jana sikufumba jicho. Nilihesabu wanaume wa ukoo wa marehemu, na kila nikihesabu anabaki Luqman peke yake. Alfajiri simu ikalia, ni yeye. Hakusema samahani, hajui kuisema, tangu ujana wake hajui. Aliniuliza, "Lile gari sasa linapanda?" Nikamwambia linapanda, na magunia nyuma. Nilisikia kuku wake wanawika. Akasema, "Nililiuza nikijua lina kitu, sikujua ni kitu gani. Sikuuliza fundi kwa sababu nilitaka liondoke." Kisha akasema Ijumaa atakuwa msikitini kabla ya saa saba, na nimwambie Anwar asichelewe. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka jirani akagonga.

Felix nimemwambia ahsante na basi. Nataka trei thelathini na sita, Jumatano. Usimpe Gedion hata moja. Vuka nazo mwenyewe, mchana, maji yakiwa yamekupwa na mwinuko umesimama, ili kila mtu akuone unavyopanda. Lete na Mweri, na lile gauni la kijani, maana utalala hapa mpaka Jumamosi, na mkate tutaupiga sisi wawili.

Wakikuuliza kivukoni mayai yote hayo ni ya nani, waambie unamwozesha mwanao.

Waridi